Drili Mezani, Betri Ndani

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko siku niliyofunga ndoa na kuliko siku niliyomzika baba yangu. Ilikuwa siku ya kawaida tu, asubuhi ya mvua za masika, tope limefika hadi kwenye kizingiti cha karakana, nami nimeinama nikihangaika na tundu moja dogo la skrubu. Hakuna aliyenifokea, hakuna aliyenikimbiza. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani nililazimishwa na mtu.

Wiki chache zilizopita nilipita karakanani kwenu. Nikaona drili ya betri imelazwa mezani, biti, kile chuma cha kutobolea, iko kwenye taya, betri imo, na pembeni yake birika la chai na vijana wanagombea andazi la mwisho. Kila aliyenyoosha mkono kuchukua chai alipitisha kiganja mbele ya ile biti. Nilitaka kusema. Nikanyamaza. Mzee akizoea kukaripia watoto wa watu, kwetu huku ataitwa mchawi, na neno hilo kwetu si la mchezo. Nikarudi nyumbani na aibu ya kunyamaza, maana kunyamaza mahali pa kusema ndilo kosa langu la zamani, kama utakavyoona. Basi nimeamua kuandika. Nimeandika na kufuta mara nyingi, kwa kuwa mpaka uzee huu sijapona ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Leo nitaacha kama kilivyo.

Karakana yetu ilikuwa nje kidogo ya Ushirombo, ubavuni mwa zahanati ya misheni. Haikuwa mali ya mtu mmoja. Wanakijiji waliichomea matofali, misheni ikatoa bati, na mafundi tuliokuwepo tukaleta kila mtu alichonacho: huyu randa, yule msumeno, mwingine jiriwa la kubania mbao, lenye jino lililovunjika. Ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni na sukari, msumari uliopinda unanyooshwa kwa nyundo na kutumika tena. Chombo kilikuwa chetu sote, na ukikivunja umevunja riziki ya wenzako kabla ya yako. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wazee, na katika karakana ya pamoja wa kwako ni yeyote aliyesimama meza ile ile.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Machibya, mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi la mbao. Mgeni mmoja wa kujitolea aliyekuja kujenga tangi la maji la zahanati ndiye aliyemwachia ile drili siku alipoondoka kurudi kwao. Ilikuwa ya kijani, nzito, na haikuwa na waya. Wakati huo wengi wetu tulijua keke tu, ile ya kuzungusha kwa mkono huku umeegemeza kifua. Wakulima waliotuletea masanduku ya kufungia tumbaku kutoka Ushetu hawakukubali kuondoka kabla hatujaiwasha wakaiona. Wakiuliza inakula nini, fundi mwenzangu Doto aliwajibu kwa uso mkavu, "Hii inalala wodi ya wazazi. Asubuhi inakuja kazini kama mtu yeyote."

Na ilikuwa kweli. Umeme haukufika karakanani. Jenereta ya zahanati iliwashwa jioni kwa ajili ya wodi ya wazazi, dizeli ikiwepo, na chaja ilichomekwa huko. Betri ilikuwa moja tu. Dizeli ikikosekana drili ililala, nasi tukarudia keke.

Betri ile Mzee Machibya aliiita moyo. Alituwekea utaratibu ambao sikuuona mahali pengine popote. "Drili ina mahali pawili tu pa kukaa," alisema. "Mkononi mwa mtu, moyo ukiwa ndani. Au mezani, moyo ukiwa nje. Katikati hapana." Ukitaka kumpa mwenzako, unachomoa betri kwanza. Unampa mashine kwa mkono wa kulia, anaipokea. Kisha unampa betri, kwa mkono wa kulia vilevile. Yeye ndiye anayeirudisha ndani akiwa tayari kutoboa. Na ukiilaza mezani bila moyo, maana yake umemaliza zamu yako, anayeihitaji achukue bila kuomba.

Kutokana na utaratibu huo tulipata mazoea, nawe uyaelewe mazoea haya maana ndiyo yaliyotuponza. Taya za drili ile zilikuwa ngumu kufungua. Basi wakati wa kubadilisha biti tuliibana mashine kwa nguvu kwenye mpini, kidole juu ya kiwashio, hakuna aliyejali, huku mkono mwingine umeshika biti isidondoke. Hatukuwa wazembe. Tulijua tu kwamba moyo haumo. Haukuwamo hata siku moja.

Mimi sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa kuchungulia madirishani na kwa kitabu kimoja cha useremala kisicho na jalada, nusu ya picha zake zimeliwa na mchwa. Mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu. Kila akipiga msumari anahisi kuna mwalimu mahali fulani anamcheka. Nilipima, nikakata, kisha nikapima tena nilichokwisha kukata, kana kwamba kupima kungeurudisha ubao. Mlango ukiinama kwa unene wa ukucha, usingizi ulinipaa. Wenzangu waliniona ni mtu wa bidii. Haikuwa bidii, mwanangu. Ilikuwa woga uliovaa aproni.

Doto ndiye aliyenipa jina la Rula. Alikuwa rika langu, pacha, Kulwa wake alibaki nyumbani kwenye pamba. Doto alichonga nira za ng'ombe na matela ya kukokotwa. Alikuwa akilitazama gogo la mninga lililopinda kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala, kisha anachukua tezo, na nira inatoka. Mkono wa kulia ulipiga tezo, lakini wa kushoto ndio uliokuwa na akili. Ndio ulioligeuza gogo kidogo kidogo, ukijua lini liinuke na lini lilale. Hakupima. Jambo hilo liliniumiza roho, nami nakiri hapa: nilimpenda Doto, na nilimwonea wivu.

Siku hiyo nilikuwa natengeneza kabati la dawa la zahanati. Nilikuwa natoboa matundu ya bawaba za mlango. Sikuanza kwa kupiga alama ya kuipa biti mahali pa kukaa, na kwa pupa nikailalia drili kama wanavyoilalia keke. Biti ikateleza, tundu likakaa pembeni kidogo. Kidogo sana. Mzee Machibya akaja, akainama, akalitazama.

"Bawaba italifunika," akasema. "Endelea."

"Litaonekana, baba."

"Na nani? Na panya?"

Akaenda zake. Nilipaswa kuendelea. Lakini macho yangu yalikuwa yamenasa pale. Nikaamua nitalipanua tundu, nichonge kijiti cha mninga, nikigongee ndani kwa gundi, kisha nitoboe upya mahali sahihi. Nikaweka biti pana, ile yenye mbawa mbili kama patasi. Nikapanua. Nikachonga kijiti. Ndani mlikuwa na giza la mvua, nikataka nikitazame kijiti mlangoni, kwenye mwanga, nione kama nyuzi za mti zimeelekea upande mmoja na za mlango wa kabati. Mwanangu, nani angezitazama nyuzi za kijiti kilicho chini ya bawaba?

Nikailaza drili mezani. Mkono wangu ukaenda kwenye betri. Hili nalikumbuka kuliko yote: kidole kilishagusa kishikizo chake. Kisha nikawaza, nikiichomoa Doto ataichukua, na akiichukua matundu yake ni mengi, na moyo utakwisha nguvu kabla sijalirekebisha langu. Nikauondoa mkono. Betri ikabaki ndani.

Niliposimama mlangoni nimeinua kijiti, nilimwona Doto anainuka, anajifuta viganja kwenye suruali, anaelekea mezani. Nilimwona vizuri. Na kilichonijia kichwani hakikuwa hatari. Kilikuwa zamu yangu.

"Doto, iache," nikasema. "Bado sijamaliza."

"Umeitua mezani, Rula. Sheria si unaijua wewe kuliko Mzee mwenyewe?"

"Limebaki tundu moja tu."

"Tundu hilo unalitunza kuliko mke. Kaa nalo wewe, mimi nitumie mashine."

Wenzetu wakacheka. Nami nikasimama pale na kijiti changu, nimeona haya, natafuta jibu la kumkata. Maneno mawili yangetosha: betri imo. Nilikuwa nayo kinywani, nikasema mengine. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na vidole vikawa vya mwenzangu.

Doto aliibana mashine kwa mkono wa kulia, kama tulivyozoea sote. Kwa wa kushoto akaikamata ile biti pana aitoe aweke yake, kwenye kitako cha kidole gumba. Drili ikazunguka.

Haikupiga kelele nyingi. Haikuwa mashine ya nguvu za kutisha. Lakini mbawa za biti zilikuwa kali, nilizinoa mwenyewe siku iliyotangulia, kwa uangalifu wote. Doto hakulia. Alisimama anautazama mkono wake, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Gashi imo?" Kumbe imo? Ndilo neno alilosema. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anaiuliza drili.

Tulimkimbiza zahanati, hatua chache tu. Sista aliosha, akafunga, akasema kano zimekatika na hapo hapana wa kuziunga, apelekwe hospitali. Barabara ilikuwa imekatika kwa maji. Alingoja mpaka lori la pamba lilipoweza kupita, na siku zote hizo mkono ulikuwa unavimba.

Nilirudi karakanani nikamkuta Mzee Machibya anaiosha ile biti kwenye ndoo. Nikaanza kueleza. Nilieleza juu ya alama niliyosahau kupiga, juu ya biti ilivyoteleza, juu ya kijiti. Nikasikia sauti yangu inakwenda mbio, inajipanga.

"Baba, lile tundu lilikuwa limekaa vibaya sana."

Akaiweka biti chini. Akasema taratibu, "Mabula, tundu halina mama. Doto anaye, nami naondoka sasa hivi kwenda kumwambia. Twende wote. Njiani utafikiri jinsi ya kumweleza habari za tundu."

Tukaenda kwenye mvua. Tulimkuta Mama Kulwa kibarazani anabangua karanga za mbegu. Tukamsalimu, nami nikampa shikamoo yake, akaitika marahaba na kusogeza kigoda. Mzee Machibya hakuketi. Akanitazama.

"Mama," nikasema, "Doto ameumia. Mkono."

"Upi?"

"Wa kushoto."

Akashusha pumzi. Alidhani wa kushoto ni nafuu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba huo ndio uliokuwa unachonga.

"Ameumizwa na nini?"

"Niliacha betri kwenye mashine, mama. Mimi."

"Betri? Kama za tochi?"

"Ndiyo, mama. Ila kubwa zaidi."

Akalirudia neno hilo polepole, kama mtu anayehesabu kitu kisichotimia. "Betri ya tochi imemkata mwanangu." Akainuka, akajifunga khanga, akaingia ndani kutafuta nguo za kwenda kumtazama. Karanga zikabaki chini, kuku wakazifikia, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa tangu utotoni. Hawatuambii kwamba mara nyingi guu linalovunjika ni la mwingine.

Doto aliporudi kutoka hospitali, kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikuwa vimejikunja ndani kama kucha za ndege aliyekufa. Alikuja karakanani asubuhi moja. Alichukua tezo lake, akaweka gogo, akapiga. Alipotaka kuligeuza, gogo likaponyoka likaanguka. Akaliinua. Likaanguka tena. Tulijifanya tuna kazi. Mmoja wetu alipiga randa ubao uliokwisha kulainika. Mwishowe Doto aliliegemeza tezo ukutani, akatuaga mmoja mmoja kwa jina, akatoka. Mimi aliniita Rula kama kawaida, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Kabati la dawa lilikaa bila mlango. Sikuweza kuligusa. Siku moja Mama Kulwa alikuja zahanati, akapita karakanani, akalitazama.

"Hili halijaisha?"

"Bado, mama."

"Malizia, baba. Dawa za mwenzio zitakaa wapi?"

Hakuwa ananisema vibaya. Alikuwa anasema jambo la kweli tu. Nikalimalizia siku hiyo hiyo. Tundu lile, bawaba ililifunika.

Sasa nikuambie upumbavu wangu wa pili, maana watu wengi wanadhani kujuta kunatosha. Baada ya siku ile nikawa mlinzi wa drili. Nikaichunguza kila saa. Nikatengeneza sanduku lake, lenye nafasi ya mashine, nafasi ya betri, nafasi ya kila biti. Mtu akiitaka nilimsimamia mgongoni nikimkosoa: umeishika hivi, umeilalia, hukubana ubao kwenye jiriwa. Niliyoyasema yalikuwa ya kweli yote. Wenzangu wakaanza kuikwepa, wakarudia keke ili tu waniepuke. Mzee Machibya akaniita nje.

"Mwanzo ulilitazama tundu," akasema. "Sasa unaitazama mashine. Lini utawatazama watu?"

Sikumwelewa. Nilidhani ananionea. Majuto ni mjukuu, kweli, lakini mjukuu naye anaweza kulelewa vibaya.

Kiangazi kilipofika tukasikia Doto amekwenda machimboni Geita, kwenye dhahabu. Mzee Machibya alinituma nimrudishe. Nilipanda basi, nikafika mahali ambapo ardhi yote ilikuwa mashimo na vichuguu vya mawe, vumbi jeupe limetanda juu ya watu kama unga. Nilimkuta ameketi juu ya gunia, anaponda mawe yenye dhahabu kwa kipande cha chuma. Mkono wa kulia ulishika chuma. Wa kushoto alikuwa ameufunga kwa mpira wa baiskeli, akiutumia kama kabari ya kulizuia jiwe.

Aliponiona akatabasamu. "Rula. Umekuja kupima dhahabu?"

"Nimekuja kukuchukua. Mzee anakuita."

"Kufanya nini?"

"Utachora na kutuelekeza, sisi tutachonga. Nitakushikia gogo mimi mwenyewe."

"Wewe unishikie gogo?" Akacheka mpaka akakohoa. "Utalipima kabla ya kulishika."

Kijana aliyekuwa anaponda karibu naye akacheka pia, akauliza kama mimi ndiye fundi cherehani wake. Kisha Doto akaweka chuma chini, akasema, "Sikiliza, Mabula." Kwa jina langu. Hakuwa ameniita hivyo tangu tulipokuwa wadogo.

"Mkono si neno. Wapo hapa wasio na mguu. Ila pale karakanani nilikuwa nachukua chombo bila kukitazama. Nilinyoosha tu mkono, hivi, macho yako kwenye mti. Nilijua nipewacho kiko sawa, kwa sababu nimepewa na nyie. Nikirudi sasa, kila nikipewa kitu nitakigeuza kwanza nikitazame, halafu nimtazame aliyenipa. Nira haichongwi hivyo. Hapa kila mtu anajua jiwe linaumiza, hakuna anayemwamini mwenzake, na kazi inakwenda."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye basi, mazuri, yaliyonyooka, na nusu yake yalinipotea.

"Nilishakusamehe wodini," akasema. "Lakini kusamehe si kurudi."

Akaokota chuma chake. Nikakaa naye mpaka basi la mwisho likakaribia, hatukuongea tena habari hiyo. Alinipa maji ya kunywa kwenye kopo. Nilirudi peke yangu, na Mzee Machibya aliponiona nashuka peke yangu alikwenda akalichukua tezo la Doto pale ukutani, akalipaka mafuta lisishike kutu, akalirudisha.

Nikiwa kwenye basi lile ndipo nilipolielewa swali la Mzee. Nilichovunja haikuwa kano peke yake. Karakana ya pamoja husimama juu ya kitu kimoja ambacho hakiuzwi dukani: kwamba mtu anaweza kunyoosha mkono bila kutazama. Mazoea yale ya kuibana mashine yalikuwa imani, imani kwetu. Mimi niliitumia imani hiyo kujiwekea zamu.

Doto hakurudi kwenye ufundi. Alikaa machimboni miaka mingi mpaka vumbi likamwingia kifuani. Sasa anaishi kwa dada yake, kule Segese, hatembei mbali. Huwa naenda kumsalimu. Tunazungumza habari za mvua na za waliokufa. Dada yake akileta chai, hukipokea kikombe kwa mkono wa kulia, hukigeuza kidogo, hukitazama chini na pembeni, ndipo anywe. Nadhani hajui kwamba anafanya hivyo. Mimi najua, na kila mara chai yangu hupoa.

Basi, mwanangu, nikuwekee wazi. Siku hizi drili zenu ni nyepesi, betri mnazo za akiba, taya zinafunguka kwa mkono bila ufunguo. Hilo limewafanya mdhani hatari imekwisha. Unapobadilisha biti, chomoa betri, hata kama ni ya sekunde moja, hata kama uko peke yako, kwa maana mkono unaojifunza peke yake ndio utakaofanya kazi mbele za watu. Ubao ubane kwenye jiriwa, usiushike kwa kiganja. Ipe biti alama ya kukaa kabla hujaiwasha, halafu iache ifanye kazi yake. Ukiona unailalia, ama biti ni butu ama una pupa, na vyote viwili vinatibika kwa kusimama kidogo. Mikono mirefu ya shati ikunje. Betri ikichoka, ipeleke ikachajiwe wewe uliyeichosha, usimwachie anayekuja. Ukimaliza, usiweke kitu mezani ambacho usingependa mama yako akiokote amefumba macho.

Na ukikosea, maana utakosea, useme palepale na useme lile lenye hatari kwanza. Usijieleze. Usilinde zamu yako wala jina lako. Sema betri imo. Aibu utaifidia baadaye, muda wa aibu upo mwingi. Mimi nimekuwa nao maisha yangu yote.

Kuhusu kunyoosha kazi, sikukatazi. Kazi safi ni sala. Lakini jifunze kutofautisha tundu linaloangusha mlango na tundu linalokuangusha wewe tu machoni pako. La kwanza lirekebishe. La pili liache, bawaba italifunika. Inua uso utazame ni nani anakuja mezani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenzako ndiye vidole vyako vingine.

Mungu akulindie mikono yako miwili, na ailinde ya yule atakayeshika baada yako. Akupe wenzio watakaopokea kutoka kwako bila kutazama, na usiwape kamwe sababu ya kutazama. Akujalie makosa madogo, mwanangu, na akupe moyo wa kuyaacha yabaki madogo.